Unga Kwenye Injini

Mimi sijui kutulia. Mama yangu anasema nilizaliwa mkunga akiwa bado anavua viatu mlangoni, na tangu siku hiyo sijaacha kuwatangulia watu. Chai nainywa nimesimama. Nikialikwa harusini naulizia chakula kabla bwana harusi hajafika. Hapa kijijini kwetu, juu kabisa kwenye bonde la Bartang, jina langu ni Odinamamad, lakini ukiulizia nyumba ya Odinamamad utaulizwa kwanza, "Yupi, Fundi Upepo?" Ndiye mimi. Natengeneza magari, trekta, jenereta, chochote chenye moshi, na kazi yangu huisha mapema kuliko ya fundi yeyote. Kama huisha vizuri, hilo ni suala lingine.

Asubuhi ninayoisimulia, mwezi wa Julai, nilikuwa nimeinama juu ya injini ya jipu langu la Kirusi tangu saa kumi na moja alfajiri. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ilikuwa chini kwenye turubai, gasketi mpya ya kuziba kati yake na injini inaning'inia kwenye msumari ukutani, na binti yangu Savsan ameketi juu ya sanduku lake la safari, daftari la hesabu mapajani. Kesho yake saa mbili asubuhi alitakiwa awe mjini Khorog kwenye mtihani wa kuingia chuo. Mtihani huo upo mara moja kwa mwaka. Ukichelewa mlango unafungwa, unarudi kulima viazi mpaka mwaka mwingine.

Tatizo lilikuwa mto. Kiangazi barafu ya milimani inayeyuka kwa jua, kwa hiyo asubuhi unavuka na maji yanalamba ringi za magurudumu tu, lakini ikifika saa saba mchana mto huohuo unavingirisha mawe yenye ukubwa wa kondoo. Kutoka kwetu hadi kivukoni ni saa nzima ya kuendesha. Gari jingine pekee la kijiji lilikuwa limeshuka mji wa Rushon na halijarudi. Hesabu hiyo hata mimi niliyeacha shule darasa la nane niliiweza: hedi irudi mahali pake saa nne, tuondoke saa tano, tuvuke saa sita.

Gasketi iliungua kwa kosa langu, sina wa kumsingizia. Vuli iliyopita nilifungua injini ileile na kuifunga kwa nusu siku. Nilikwangua gasketi ya zamani kwa kisu, na kisu ni chuma, bloku ya injini ni aluminiamu, kwa hiyo nikaacha mkwaruzo karibu na silinda ya tatu. Juu yake nikaacha ganda la gasketi ya zamani, jembamba kama ukucha, nikajiambia litajibana lenyewe. Halikujibana. Moto ulipita hapohapo, maji yakaingia kwenye oili, na juzi gari likaanza kutoa moshi mweupe mbele ya watoto wa shule.

Safari hii nilikwangua kwa pembe. Nilichonga kipande cha pembe ya mbuzi kikawa bapa na makali upande mmoja. Pembe inang'oa gasketi iliyogandamana na haiumizi aluminiamu. Ni kazi ya polepole inayonitia wazimu. Unasukuma kidogo, kinatoka kipande kama gamba la samaki, unasukuma tena.

"Fundi Upepo!" Huyo ni Nekqadam, jirani yangu, ameketi juu ya ukuta wa mawe akining'iniza miguu. "Kwangua taratibu, utatokea upande wa pili."

"Nekqadam, wewe huna mbuzi wa kukamua?"

"Nimeshakamua. Nimekuja kuangalia sinema."

"Basi nunua tiketi, au niletee pampu ya baiskeli."

"Pampu nilikuletea jana. Unaikalia."

Nilikuwa naikalia kweli. Savsan akacheka bila kuinua macho kwenye daftari.

Lazima niseme jambo hapa, ingawa linaniaibisha. Gasketi mpya ililetwa na mtu aliyepanda kwa miguu jana yake jioni, sawa, lakini kukwangua ningeweza kuanza juzi ileile hedi ilipotoka. Sikuanza. Nilirekebisha mlango wa banda la mbuzi, ambao haukuwa na ubovu wa kusema. Nilifyeka majani. Nilipanda darini nikapanga upya kuni ambazo zilikuwa zimepangika. Mama aliniuliza, "Gari la mtoto utalishika lini?" nikamjibu kwa ukali kwamba kazi ina utaratibu wake. Mimi, mwenye utaratibu!

Ilipofika saa tatu, nyuso zote mbili zilikuwa safi. Savsan aliweka daftari chini, akalaza rula ya chuma juu ya bloku, kwanza kwa urefu, halafu kwa mshazari, na kila mahali akajaribu kupenyeza karatasi ya sigara chini ya rula. Yeye ndiye mkaguzi wangu tangu akiwa na miaka kumi. Anajua kila tundu la injini ile, lipi la maji, lipi la oili.

"Haipenyi," alisema. "Hata pale ulipochimba kwa kisu mwaka jana pamelala."

"Sikuchimba. Nilikwaruza."

"Ulichimba, Baba. Kama mtu anayetafuta maji."

Nikapangusa kwa petroli, nikaacha ikauke. Kisha nikachomoa matambara yote niliyoziba nayo silinda na matundu, ili takataka zisiingie wakati wa kukwangua. Sasa injini ilikuwa wazi kabisa, inang'aa, pistoni nne zinatazama angani. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nikageuka kuchukua gasketi msumarini.

Niliposikia "Bismillahi" nyuma yangu, nilidhani Mama anaanza kula.

Kwetu jambo kubwa haliendi bila unga. Siku ya Nauruzi, mwaka mpya wetu, tunapaka unga nguzo za nyumba. Bibi harusi akitoka anarushiwa unga begani, bega la kulia, na anayeondoka kwenda mbali vilevile. Mama yangu, Bakhtibegim, ana miaka sabini na nane na katika miaka yote hiyo hajawahi kuacha mtu aondoke bila unga. Alikuwa amesimama mbele ya gari na bakuli. Konzi ya kwanza ilikuwa imeshamwagika. Ya pili ilikuwa hewani.

"Mama!"

Ya pili ikashuka. Unga uliingia kwenye silinda zote nne, kwenye njia za maji, kwenye matundu ya oili, na ulionata zaidi ni ule uliokuta grisi niliyopaka kuzunguka pistoni ili inase takataka. Bloku yangu iliyong'aa ikawa kama ubao wa kusukumia mikate.

Nekqadam aliinua miguu juu ya ukuta, kana kwamba unga ungemfikia huko.

"Umefanya nini, Mama? Umefanya nini? Tangu juzi huwezi kuniacha nikafanya kazi? Kuna maji humo ndani, kuna oili! Unataka nipike uji kwenye rejeta?"

Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mama yangu mbele ya jirani, jambo ambalo baba yangu angenichapa kwa ajili yake hata nikiwa na mvi hizi. Mama hakurudi nyuma. Alilishikilia bakuli kifuani.

"Linambeba mtoto wangu," alisema. "Kitu kinachombeba mtoto lazima kibarikiwe. Nilitaka kumtia begani. Sasa gari bega lake la kulia ni lipi? Nikazunguka, sikuona bega. Nikaona kifua kiko wazi, nikatia kifuani."

Savsan alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, akaenda kumkumbatia bibi yake pamoja na bakuli. "Bibi, umeibariki mpaka kwenye mapafu."

"Mkiwasha," Nekqadam alisema kutoka ukutani, "kwenye ekzosi itatoka mikate."

Mimi sikucheka. Lakini nataka niseme ukweli wa kilichotokea moyoni mwangu, kwa kuwa ndiyo sababu ya kusimulia yote haya. Nyuma ya hasira ile, chini kabisa, kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa furaha. Sikukitambua wakati ule. Nilihisi tu kifua kimelegea, kama mtu aliyeambiwa kwamba safari imeahirishwa.

Tukaanza upya. Unga hauondolewi kwa maji, na ukiuwahi kwa petroli unashuka nayo matunduni, kwa hiyo unaanza na brashi kavu. Halafu pampu ya baiskeli, tundu kwa tundu, Nekqadam anapampu na mimi nashika mpira. Grisi ya pistoni niliichota yote kwa kidole pamoja na unga, nikapaka mpya, nikaichota tena. Matundu ya oili nilisokotea kitambaa kwenye waya, nikaingiza, nikazungusha, nikatoa, nikakagua kitambaa juani. Ni kazi ya dakika arobaini. Saa moja, kama una woga.

Saa nne na nusu Savsan alipitisha rula na karatasi tena. "Pamelala," alisema. "Safi."

"Ngoja," nikasema. "Lile tundu la oili pale nyuma."

Nikalisafisha. Nikasema ngoja, la mbele yake. Nikasema ngoja, hedi nayo huenda ilirukiwa na unga, ingawa hedi ilikuwa upande wa pili wa ua, imefunikwa. Nikaifunua, nikaipangusa. Mama alileta chai ya maziwa yenye chumvi, mkate umemegwa ndani, na mimi nikaketi chini kuinywa. Nikaketi! Nekqadam alinitazama kana kwamba nimeota mkia.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Kazi ya haraka ndiyo iliyoniunguzia gasketi."

"Maneno matamu. Ningependa kuyasikia mwaka jana uliponifungia mashine ya kusaga."

Jua lilipanda. Nilirudi kwenye bloku na waya wangu. Miguu yangu ilikuwa inatikisika kama kawaida, haitaki kusimama mahali pamoja, nasikia mto kutoka bondeni unaanza kubadilisha sauti. Ila mikono ilikuwa inakwenda polepole, polepole, kama ya mtu mwingine. Nilipangusa tundu la silinda ya tatu. Nikakagua kitambaa. Nikapangusa tena.

Savsan alikuja kusimama karibu yangu, bega kwa bega, tukiwa tumeinama wote wawili ndani ya boneti ambapo bibi yake asingesikia.

"Baba, hilo tundu umeshalipangusa mara tatu."

"Mara mbili."

"Tatu. Nimehesabu. Na kitambaa kimetoka safi mara zote tatu."

"Unga ni kitu kibaya, Savsan. Chembe moja ikienda kwenye..."

"Siyo unga." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. "Na mlango wa banda la mbuzi nao haukuwa unga. Ni saa tano na nusu, Baba."

Mama yake yuko Moscow mwaka wa nne sasa, anasafisha maofisi. Kijijini walinicheka, kwamba kwa wengine wanaume ndio wanaokwenda Urusi, kwangu mke. Alikwenda kwa sababu yeye alipata kazi na mimi sikupata. Mwanangu wa kwanza, Firdavs, alimfuata mwaka juzi. Nyumba yetu ni nyumba ya nguzo tano kama zote, ilijengwa kwa watu kumi na wawili, na tulikuwa tunalala watatu. Usiku nikisikia Savsan anafunua kurasa upande wa pili wa chumba, napata usingizi. Nilijua kesho nitasikia nini.

"Naiogopa nyumba," nilimwambia. Sikujua kama nitalisema hilo mpaka nilipolisema.

Akanitoa waya mkononi, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Na mimi naogopa," alisema. "Naogopa huko, naogopa hapa. Lakini hedi inafungwa sasa. Utaifunga wewe au niifunge mimi?"

Angeweza kuifunga. Hilo nililijua vizuri.

Nikalaza gasketi. Nekqadam na Savsan wakainua hedi, nikaiongoza ishuke kwenye boliti zake, ikakaa kwa sauti nzito ya kitu kilichofika kwake. Nikakaza nati kuanzia katikati kwenda nje, kwa msalaba, mara ya kwanza nusu, mara ya pili zaidi, mara ya tatu mpaka mwisho. Savsan alikuwa ananitajia namba na mimi nakaza. Sasa nilikuwa na haraka ya kweli, mikono ilikuwa imerudi kuwa yangu, nikachunika vidole viwili bila kuhisi. Maji kwenye rejeta, oili mpya, waya za plagi. Ikawaka mara ya kwanza. Nilifungua kifuniko cha rejeta nikatazama: hakuna povu hata moja. Ilikuwa kazi bora niliyowahi kufanya maishani, na sikuweza kuifurahia hata kidogo.

Saa sita na nusu. Mama akamtia Savsan unga begani, bega la kulia, akambusu mikono, Savsan naye akambusu yake. Mama hakulia. Alimwambia tu, "Ukifika usilale na dirisha wazi."

Niliendesha barabara ile kama mwizi. Mahali ambapo huwa nashuka kuangalia mawe yaliyoanguka, sikushuka. Savsan alishika sanduku kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine, na hatukuzungumza, kwa kuwa nilikuwa nimekula kiapo kwamba tukishavuka tu nitamweleza mambo mengi. Nilikuwa nimeyapanga. Jinsi nilivyomwona mama yake mara ya kwanza, amekaa juu ya trela la viazi. Alichoniambia babu yake siku alipokufa. Mambo ambayo mtu kama mimi hawezi kuyasema mezani, ila akishika usukani na macho yakiwa barabarani anaweza.

Tulifika kivukoni saa saba na nusu. Nilisikia kabla sijaona. Maji yalikuwa ya rangi ya saruji, yanatembea na mawe ndani yake, unayasikia yakigongana chini. Nguzo tunayopimia maji ilikuwa imezama mpaka alama nyekundu.

"Nitapita," nikasema.

"Hupiti."

"Injini iko imara sasa, nitashika gia ya kwanza, nita..."

"Baba." Alinishika mkono wa shati. "Tazama ng'ambo."

Ng'ambo kulikuwa na lori la mabati ya paa la shule. Dereva nilimjua, Shirinbek wa Rushon. Alikuwa ametaka kupanda kwetu, akaukuta mto kama tulivyoukuta sisi, na sasa alikuwa anageuza. Tulipiga honi. Alituona. Alitazama sanduku, akatazama binti, akaelewa. Akanyoosha mkono kuelekea juu, mahali mto unapobanwa na majabali, palipo na daraja la nyaya na mbao la watu na punda, robo saa kwa miguu. Kisha akaonyesha kidole kimoja. Kabini ilikuwa na watu watatu tayari. Kulikuwa na nafasi ya mmoja wa kubanana.

"Nitakaa juu ya mabati," nilisema tukiwa tunapanda njia ya majabali, sanduku begani mwangu.

"Na Bibi?"

"Nekqadam yupo."

"Nekqadam wa siku moja. Kwa gari lako ungerudi kesho alfajiri maji yakiwa chini. Bila gari utakwama Khorog mpaka lori lingine lipande. Wiki, labda mbili. Bibi hawezi kuchota maji wiki mbili." Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu aliyeshapiga hesabu na kuhakiki jibu. Atafaulu, nilifikiri. Huyu atafaulu.

Darajani alichukua sanduku lake. Nilitaka kusema samahani. Alinikumbatia haraka, akaniachia unga kidogo kwenye koti, akasema, "Usinipigie kesho asubuhi. Nitakupigia mimi nikitoka." Akavuka akishika nyaya kwa mkono mmoja, bila kutazama chini, na mimi nilihesabu mbao zote alizokanyaga. Zilikuwa sitini na moja.

Nilipolirudia gari langu, injini ilikuwa bado inanguruma. Katika haraka yangu sikuizima. Ilinguruma vizuri, laini, bila kukohoa. Ng'ambo, lori lilimchukua Savsan, likakata kona ya kwanza, likapotea nyuma ya jabali. Kutoka pale hadi Khorog ni mwendo wa saa sita. Ningekuwa nazo zote sita, yeye kwenye kiti cha pembeni na mimi nikimsimulia, kama saa nne na nusu aliponiambia pamelala ningelaza gasketi.